Una Miezi Mingapi?

Ijumaa ya mwisho ya Mei 2020, saa tisa alasiri, tulianza kuitwa mmoja mmoja kwenye chumba cha mikutano. Ukiingia unamkuta afisa utumishi, chupa ya maji ambayo hakuna anayeigusa, na rundo la bahasha za kaki. Ukitoka, unatoka na bahasha yako. Gazeti nililokuwa nikiliandikia lilikauka matangazo tangu corona iingie, na kila mtu alijua panga linakuja. Tulichokuwa hatujui ni shingo za nani. Zilikuwa shingo 11, na yangu ikiwemo.

Nilirudi mezani mwili umekufa ganzi. Jirani yangu alikuwa msanifu kurasa wetu, mzee wa miaka 57, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Naye alikuwa na bahasha yake, hajaifungua. Akavuta droo, akatoa kaunta buku lililochakaa jalada, akalamba kidole, akafunua kurasa za mwisho. Juu ameandika neno moja kwa herufi kubwa: MIEZI. Chini yake namba, mstari mmoja kwa kila mwezi, kuanzia 1998 alipoajiriwa. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri tena. Baadaye mbili, tatu, kisha ikaporomoka hadi moja; mwaka ule alimuuguza mama yake mpaka akamzika. Mstari wa Aprili 2020 ulisomeka 14.

"Hii ni miezi ambayo nyumba yangu inaweza kula bila mshahara," akaniambia. "Wewe mwanangu, una miezi mingapi?"

Nilikuwa na miaka 34, tisa kati ya hiyo nimeimalizia kwenye kiti kile kile, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Tukapiga hesabu hapo hapo, pembeni mwa ukurasa wa michezo. Kodi, unga, mchele, gesi, umeme, nauli, hela ya mama kijijini: 650,000 kwa mwezi. Benki: 412,000. Mzee akagawanya kwa kalamu ya risasi, polepole, kama anayeogopa kuniumiza. Siku 19.

Sasa nakugeukia wewe unayesoma. Najua unalala vipi siku hizi. Bosi akiitisha kikao cha ghafla, tumbo linakoroga. Ukisikia kampuni "inajipanga upya" unaanza kuwahesabu wenzako idarani, nani ataanza kuondoka. Kama wewe ni kijana, unajiambia nimeingia juzi tu, na wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Hujakosea sana, maana urefu wa utumishi ni miongoni mwa vigezo vinavyokubalika pale mwajiri anapochagua wa kuwapunguza. Kama umeshakula chumvi, unajiambia mshahara wangu umekuwa mkubwa, kwa fedha yangu wanaajiri vijana wawili. Na wewe hujakosea sana.

Kichekesho ni kwamba kila mmoja anamwonea mwenzake wivu. Kijana akimtazama mzee anasema, yule ana mafao yake, ana nyumba, hana wasiwasi. Mzee akimtazama kijana anasema, yule ana nguvu, ana simu, dunia nzima bado yake. Wanapishana kwenye ngazi, shikamoo, marahaba, kila mtu na hofu yake kifuani. Hawajawahi kukaa meza moja wakaambiana ukweli. Hofu hii inanona gizani. Itoe nje, uipige hesabu.

Leo jioni, kabla hujawasha runinga, chukua daftari. Andika kila kinachotoka nyumbani kwako kwa mwezi, na usijidanganye: weka michango ya harusi, weka vocha, weka ile elfu tano tano unayowapa wadogo zako kila wikiendi. Jumlisha. Kisha gawanya kwa 30. Namba utakayoipata ndiyo bei ya siku moja ya nyumba yako. Yangu ilikuwa kama 21,700.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika kichwani mwangu. Miaka yote nilikuwa nasikia kwamba mtu anatakiwa kuwa na akiba ya miezi sita. Miezi sita kwangu ilikuwa shilingi 3,900,000, mlima ambao sikuwahi hata kuusogelea. Lakini 21,700? Hiyo naijua. Hiyo ni nyama choma na soda mbili siku ya Jumamosi. Hiyo ni siku moja ambayo hakuna bosi, hakuna mwenye nyumba, hakuna wakala wa kausha damu anayeweza kunifanya nipige magoti. Nikaacha habari ya kuweka akiba, nikaanza kununua siku.

Nunua siku! Ukilipwa tarehe 28, kabla ya kila kitu, nunua siku mbili. Ukipata posho ya safari, nunua siku tatu. Ukiona unalipia king'amuzi usichokitazama, kikate. Hapo umefanya mambo mawili kwa mpigo, umepata hela ya kununulia siku na umeishusha bei ya siku yenyewe. Mzee wangu wa kaunta buku hakuwa na mshahara wa kutisha. Kila mwisho wa mwezi alikuwa ananunua tofali 30 huko Chanika, hazimtoshi hata ukuta, majirani wakimcheka kwa kile kichuguu chake cha tofali zilizoota majani. Mwishowe kile kichuguu kilikuwa vyumba viwili vya kupangisha, na kodi yake ilikuwa ndani ya ile namba 14.

Neno moja kuhusu mahali pa kuzitunza hizo siku, kwa sababu hapa wengi tunajikwaa. Kikoba ni kizuri, na mimi nimo. Ila fedha ya kikoba imo mifukoni mwa wenzako kwa mikopo mpaka mgawo wa mwisho wa mwaka, na panga halisubiri Desemba. SACCOS nayo ina taratibu zake za kutoa. Kwa hiyo siku zako 30 za kwanza ziweke mahali unapoweza kuzichukua ndani ya wiki: akaunti ya akiba isiyo na kadi, au mfuko kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS. Hizo zikishakaa ndipo ufikirie hatifungani na viwanja.

Sasa tufungue bahasha ya kaki, maana watu wengi hawajui ndani yake kuna nini mpaka wakabidhiwe. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama: kama kuna njia ya kuepuka, wachaguliwe kwa kigezo gani, lini, na walipwe nini. Kikao hicho ni haki yako. Usikae kimya ndani yake ukinywa soda. Uliza.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka 10. Soma tena hapo mwisho. Mzee wangu alifanya kazi miaka 22, sheria ikamhesabia 10, siku 70, mishahara kama mitatu. Wenzetu Kenya, Sheria yao ya Ajira ya 2007 inampa anayepunguzwa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na haina kikomo hicho. Na wewe kijana mwenye miezi kumi kazini hutakuta kiinua mgongo kabisa, kwa sababu kinaanza kuhesabika baada ya miezi 12. Sikuelezi haya ili uvunjike moyo. Nakueleza kwa sababu nimewasikia watu wazima wakisema, "Wakinipunguza watanilipa vizuri, nitaanzia hapo." Kawaida hawalipi hivyo, labda mkataba wenu wa hali bora una kifungu kizuri zaidi. Unayo nakala yake? Umeusoma?

Vingine unavyodai ni notisi au malipo badala yake, likizo ambayo hukuchukua, cheti cha utumishi, na kama ulitolewa Mwanza ukaletwa kufanya kazi Dar es Salaam, gharama za kukurudisha ulikoajiriwa. Ukiona umeachishwa kinyume cha taratibu, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi kwa siku 30. Siku 30 ni fupi kuliko unavyodhani, hasa wiki mbili za kwanza zikiisha ukiwa umejifunika shuka.

Kuna binti nitamwelezea hapa. Alikuwa ndiye anayeshughulikia kurasa zetu za mitandao, miaka 24, ameajiriwa miezi 20. Naye alikuwa kwenye zile shingo 11. Mzee alimuuliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: "Mwanangu, salari slipu zako unazo?" Binti akasema, "Ninazo baba, si ulinisema sana mwaka jana nizitunze." Zote 20 zilikuwa kwenye simu, amezipiga picha.

Swali lilikuwa na maana yake. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, una fao la kukosa ajira. Aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe, hajafikisha miaka 55 na hajapata kazi nyingine, analipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Asiyefikisha miezi 18 anarudishiwa nusu ya michango yake, basi. Binti alikuwa na miezi 20, kwa hiyo amevuka. Akaenda dirishani. Kompyuta ikaonyesha miezi 13.

Miezi saba alikatwa mshahara, karatasi zinaonyesha, fedha haikufika. Mchango kamili ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Mwajiri wetu alikuwa anakata sehemu yetu na kukaa nayo pamoja na yake. Mimi nami nilikuwa na tundu hilo hilo la miezi saba na sikuwa najua, kwa sababu miaka tisa sikuwahi kuangalia. Tisa! Na ni mimi huyu huyu ambaye nikidhulumiwa mia mbili na konda nasimamisha daladala.

Binti hakulia. Alichapisha slipu zote, akazipanga kwa tarehe, akawapelekea maofisa wa mfuko wanaofuatilia waajiri. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Ilichukua miezi mitano, michango ikalipwa, na theluthi yake ikaanza kuingia. Sisi wengine saba tuliochelewa tukapita kwenye njia aliyoifyeka. Kwa hiyo kabla wiki hii haijaisha, angalia taarifa yako ya michango, kwenye simu au dirishani, mwezi kwa mwezi, uilinganishe na slipu. Wewe mwenye umri mkubwa hili linakuhusu zaidi: pensheni ya mwezi kwa mwezi inataka michango ya miezi 180. Kama umebakiza michache, uliza jinsi ya kuendelea kuchangia kwa hiari hata ukiwa umejiajiri. Na karatasi zako zitunze. Waulize watumishi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977. Walidai mafao yao miongo mizima, wengine wakiwa vikongwe, wengine kwa kupitia wajane wao. Karatasi moja iliyohifadhiwa chini ya godoro ilikuwa mali kuliko godoro.

Nitasema na aibu yangu, maana makala ya hamasa ambayo mwandishi wake hajawahi kuanguka siiamini. Nilipolipwa kiinua mgongo changu cha siku 63, na notisi, na likizo, kitu cha kwanza nilinunua bodaboda. Milioni mbili na nusu. Nikampa kijana aendeshe, aniletee hesabu ya 7,000 kwa siku. Alileta wiki tatu. Wiki ya nne pikipiki, kijana na kofia yangu ya helmeti wakapotelea njia ya Kibiti. Sikuijua biashara ile, sikuipenda, niliinunua kwa sababu nilitaka shemeji zangu waone bado nina mpango. Ukiigawa ile fedha kwa 21,700 unapata siku 115. Siku 115 za nyumba yangu, nilizichoma kwa ajili ya macho ya watu. Ukipata malipo yako, kaa nayo miezi miwili kabla ya kuanzisha chochote. Utakaowaudhi watapoa.

Na hii aibu ndiyo hasa nataka tuipige vita. Mtu anapunguzwa kazi, anaendelea kuamka saa kumi na moja, anavaa shati, anaaga, anakwenda kukaa Mnazi Mmoja chini ya mti mpaka jioni. Nilifanya hivyo siku nane. Mke wangu alijua tangu siku ya pili, akanyamaza kwa heshima.

Aibu ya nini? Angalia Januari 2025. Rais wa Marekani alisaini amri tarehe 20 ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya siku chache watu wa miradi ya UKIMWI na malaria, Tanzania, Kenya, Uganda, walikuwa wameambiwa wasimamishe kazi. Waratibu wenye shahada mbili, wauguzi waliokuwa wanawajua wagonjwa wao kwa majina, madereva wa zile Land Cruiser nyeupe ambao mtaani tuliwaona wameukata. Ilipofika tarehe 1 Julai, USAID, shirika lenyewe la misaada la Marekani, lilikuwa limefungwa. Hakuna kati yao aliyechelewa kazini. Hakuna aliyeiba. Barua ya kupunguzwa inazungumzia vitabu vya hesabu vya mtu mwingine, mara nyingine mtu aliye bara jingine. Ukiipata, mwambie mwenzi wako usiku huo huo. Mwambie mwenye nyumba kabla kodi haijaisha. Nenda benki kabla rejesho la kwanza halijakwama, uulize kama mkopo wako wa mshahara una bima, na kama bima hiyo inagusa kupunguzwa kazi. Mkopo hauondoki na kitambulisho cha kazi.

Na ninyi wawili mnaopishana kwenye ngazi, kaeni chini. Kijana, mtafute mzee wa ofisini kwako aliyeona panga likipita zaidi ya mara moja. Kuna waliokuwa kazini miaka ya 1990 viwanda na mashirika ya umma yalipobinafsishwa. Wanajua mwajiri anapoanza kuishiwa anaacha kulipa nini kwanza. Mzee, usiseme umri umepita. Yule msanifu kurasa wetu alikuwa anajua programu moja tu, ya zamani, kwenye kompyuta moja tu. Binti alimkalisha kwenye benchi la nje ya mgahawa, akamfundisha kutengeneza kadi za harusi kwenye simu. Siku ya kwanza aliirusha simu mezani, "Mwanangu, vidole vyangu vinene kwa kazi hii." Binti akacheka, akamnunulia ile kalamu ndogo ya kugusia kioo, elfu tatu, Kariakoo. Jicho la mzee kwa herufi ni la miaka zaidi ya 20 kazini. Binti mwenyewe anasema kadi zake za mwanzo ziliuzika kwa sababu mzee alimkataza kuchanganya aina tano za mwandiko kwenye kadi moja. Si kwamba wametajirika. Msimu wa harusi ukipita, Ramadhani au Kwaresima ikiingia, kazi zinakauka. Lakini kila mmoja ameongeza siku zake.

Unasubiri nini? Mishahara bado inaingia, kalamu unayo. Ijue bei ya siku yako, hesabu ulizo nazo, na hata ukipata siku nne, ziandike siku nne. Mzee alianza na sifuri, akaiandika sifuri kwa wino, miezi mingi mfululizo, bila kuona haya.

Ananipigia kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Haulizi habari za kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mingapi?"

"Sita na nusu."

Jumapili iliyopita alinyamaza kidogo, nikasikia kurasa za kaunta buku zikifunuliwa upande wa pili.

"Mwezi uliopita pia ulisema sita na nusu," akasema. "Umenunua nini?"